Umri wa Dunia na Vumbi la Chumbani

Msomaji, ukiambiwa kwamba maji ya kisima fulani ni safi, au kwamba damu ya mtoto fulani ina sumu, wewe husikia neno la mwisho tu. Aliyepima humwoni, wala chumba alimopimia huingii. Hujui chupa zake zilioshwa kwa maji gani, wala kama dirisha lilikuwa wazi na upepo ukaingiza vumbi la barabarani. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Chombo hakielei kwa bahati, yuko fundi aliyechonga na kuziba kila ufa. Na kipimo kinachoaminika ni vivyo hivyo: kimeundwa, na chumba kilimofanyiwa ni sehemu ya uundaji wake. Ili ulione jambo hili wazi, nitakusimulia habari za Clair Patterson, Mmarekani aliyetaka kujua umri wa dunia, akazuiwa na vumbi la chumba chake mwenyewe.

Swali la umri wa dunia ni la kale. Katika karne ya 17 Askofu James Ussher wa Ireland alihesabu vizazi vilivyotajwa katika Biblia, akasema kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka 1862 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliifikiria dunia kama chungu kilichoepuliwa motoni. Akapiga hesabu ya muda ambao chungu hicho kingehitaji ili kipoe, akapata miaka kati ya milioni 20 na milioni 400. Hesabu zake zilikuwa za fundi, lakini mengi yanayoendelea ndani ya dunia yalikuwa hayajajulikana bado. Ndipo mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel alipogundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na kitu chochote. Ugunduzi huo uliwapa wataalamu saa mpya, saa iliyofichwa ndani ya mawe.

Saa hiyo hufanya kazi hivi. Urani haikai ilivyo. Atomu zake hugeuka moja moja, na mwisho wa safari yake huwa risasi. Nasema risasi kwa maana ya madini yale mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, ambayo kwayo zilitengenezwa risasi za bunduki. Mwendo wa kugeuka huko hauharakishwi na moto wala haucheleweshwi na baridi. Aina moja ya urani hupungua ikabaki nusu yake katika muda wa miaka milioni 4,470 hivi. Aina nyingine hupungua nusu katika miaka milioni 704 hivi. Fikiria vibaba viwili, kimoja juu ya kingine, na kile cha juu kina tundu. Punje zinadondoka kutoka kibaba cha juu kuingia kibaba cha chini. Ukiijua kasi ya kudondoka, kisha ukahesabu punje zilizomo katika kila kibaba, utajua punje zilianza kudondoka lini. Lakini tahadhari, msomaji! Hesabu yako ni ya kweli maadamu hakuna aliyepita akatia punje zake katika kibaba cha chini. Akipita mtu wa namna hiyo nawe usimwone, utahesabu vizuri sana, na jibu lako litakuwa la uongo.

Clair Patterson alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Iowa. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipewa na mwalimu wake, Harrison Brown, kazi ya kupima risasi iliyomo katika chembe ndogo za zirkoni, ambayo ni kito kipatikanacho ndani ya mawe ya matale. Mwenzake, George Tilton, alipewa kupima urani iliyomo katika chembe hizo hizo. Walianza na mawe ambayo umri wake ulikwisha kujulikana, kwa maana mizani mpya hujaribiwa kwanza kwa uzani unaojulikana. Tilton alipata hesabu zilizopatana na umri wa mawe. Patterson alipata risasi nyingi kupita kiasi. Akarudia, ikazidi vile vile. Akarudia tena, safari hii ikaja hesabu nyingine kabisa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mmoja hulaumu mashine, mwingine huchagua lile jibu linalompendeza na kuyaacha mengine. Patterson hakufanya hivyo. Alijiuliza: risasi hii ya ziada inatoka wapi? Ikawa kana kwamba amegeuka askari wa upelelezi ndani ya chumba chake mwenyewe. Alipima maji ya mfereji, akakuta risasi. Alipima vioo vya vyombo vyake na tindikali alizonunua dukani, akakuta risasi. Alipima vumbi lililotua juu ya meza, akakuta risasi. Hata ngozi yake, nywele zake na nguo zake zilikuwa nayo. Naye alikuwa akitafuta kiasi kidogo mno, cha kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za gramu. Unywele mmoja uliodondoka chomboni uliweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Alitumia njia moja ambayo wewe pia waweza kuitumia leo katika maabara ya shule yako. Alizifanya hatua zote za jaribio, toka ya kwanza hadi ya mwisho, lakini pasipo kutia jiwe chomboni. Alitia tindikali ile ile, akachemsha muda ule ule, akapima kwa mashine ile ile. Risasi iliyoonekana mwishoni haikuwa ya jiwe, kwa kuwa jiwe halikuwamo. Ilikuwa uchafu wa chumba. Hicho ndicho kipimo cha chombo kitupu. Ni kama mwenye duka kupima kwanza kapu tupu kabla ya kutia unga, ili asije akamwuzia mteja kapu kwa bei ya unga. Mtu asiyeupima uchafu wake mwenyewe hawezi kujua ni sehemu gani ya jibu lake iliyo kweli.

Alipomaliza masomo yake ya udaktari mwaka 1951, Patterson alimfuata mwalimu wake Brown katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena. Huko alipewa nafasi ya kujenga maabara aitakavyo, naye akaijenga kwa namna iliyowashangaza wengi. Mabomba ya risasi yaling'olewa, na nyaya za umeme zilizoungwa kwa lehemu ya risasi zikaondolewa. Hewa ilipitishwa katika vichujio kabla ya kuingia ndani. Tena hewa hiyo ilisukumwa kwa nguvu kidogo kupita ile ya nje, hata kila mlango ulipofunguliwa, hewa ya ndani ndiyo iliyotoka, wala vumbi la nje halikupata njia ya kuingia. Tindikali alizitonesha upya mwenyewe, kama mtu akusanyavyo mvuke wa maji juu ya kifuniko cha sufuria, ili uchafu ubaki chini. Vyombo vililowekwa katika tindikali na kuoshwa mara kwa mara. Sakafu ilipigwa deki bila kuchoka, na wafanyakazi walivaa mavazi maalumu ili wasilete ndani vumbi la barabarani. Wako waliomcheka kwa usafi huo, wakaona umepita mipaka. Lakini kila alipozuia mlango mmoja wa uchafu, kipimo chake cha chombo kitupu kilishuka.

Ndipo alipochukua kipande cha kimondo cha Canyon Diablo, kile kilichoanguka Arizona katika zama za kale na kuchimba shimo kubwa sana. Vimondo vya chuma vilitokea wakati ule ule sayari zilipokuwa zikifanyika, na ndani yake kuna sehemu ambayo haina urani ila kidogo mno. Kwa hiyo risasi iliyomo humo haikuongezeka. Imebaki kama ilivyokuwa siku za mwanzo. Ni kama kukipata kibaba cha chini jinsi kilivyokuwa kabla punje ya kwanza haijadondoka. Mwaka 1953 Patterson aliitoa risasi hiyo katika chumba chake safi, akaenda kuipima katika maabara ya taifa ya Argonne, jimboni Illinois, palipokuwa na mashine ya kupambanua atomu kwa uzito wake. Akailinganisha na risasi ya vimondo vingine, na baadaye na ile ya matope ya chini ya bahari. Jibu alilolichapisha mwaka 1956 lilikuwa kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,550, na kosa la hesabu halizidi miaka milioni 70. Tangu wakati huo mashine bora zimevumbuliwa na vimondo vingi vimepimwa, na hesabu hiyo ingali imesimama palepale.

Mwingine angepumzika hapo. Lakini Patterson alikuwa amebaki na swali la pili, lililozaliwa na usafi wake. Ikiwa risasi imejaa katika vumbi, katika maji na katika nywele za watu, imetoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa katika matangi ya magari. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba mchanganyiko mmoja wenye risasi ukitiwa katika petroli huzuia injini isigonge. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923 huko Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu ya mchanganyiko huo. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kisha yakaendelea tena. Kwa miaka mingi mwenye sauti kubwa katika jambo hili alikuwa Daktari Robert Kehoe, ambaye maabara yake ilisaidiwa kwa fedha za viwanda. Yeye alishikilia kwamba risasi imo katika miili ya watu kwa asili, kwamba mwili huitoa wenyewe, na kwamba haidhuru mpaka ipite kiasi fulani.

Patterson alikwenda kuuliza bahari na barafu. Yeye na wenzake walipima maji ya baharini, wakakuta kwamba maji ya juu yana risasi nyingi kuliko maji ya kilindini; maana yake risasi hiyo ilitua karibuni kutoka hewani, wala haijapata muda wa kuzama. Kisha wakaenda Greenland, ambako theluji ya kila mwaka huangukia ile ya mwaka uliotangulia, ikawa kama daftari lenye kurasa zilizopangwa kwa miaka. Huko nako iliwapasa kuchukua usafi wao, kwa sababu jasho la mchimbaji au moshi wa mashine ungetosha kuharibu ukurasa. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1969 yalionyesha kwamba risasi katika theluji ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200 tangu zama za kale, na kwamba ongezeko kali kupita yote lilianza baada ya mwaka 1940.

Kabla ya hapo, mwaka 1965, alikwisha andika makala iliyowachukiza wengi. Ndani yake alitofautisha maneno mawili ambayo nakusihi uyashike: kawaida na asili. Risasi katika damu ya Wamarekani ilikuwa jambo la kawaida, maana kila aliyepimwa alikuwa nayo. Lakini haikuwa jambo la asili. Wote walikuwa wamechafuliwa, na waliowapima walikuwa wamechafuliwa pia, wakipimia katika vyumba vilivyochafuliwa. Palikosekana chombo kitupu cha kulinganishia. Kijiji ambacho kila mtu anaumwa kitasemaje kwamba homa ni ugonjwa?

Maneno hayo hayakupita bure. Sekta ya mafuta iliyokuwa ikimsaidia kwa fedha iliacha kumsaidia. Mwaka 1966 yeye na Kehoe walitoa ushahidi uliopingana mbele ya kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie. Tena mwaka 1971, baraza la taifa la utafiti lilipotoa taarifa yake juu ya risasi iliyomo hewani, katika jopo lililoitayarisha Patterson hakuwamo, ingawa hapakuwa na mtu aliyeijua kazi hiyo kumpita.

Mfano mmoja utakuonyesha jinsi chumba kichafu kinavyoweza kuficha ukweli. Watu walitaka kujua kama mikebe iliyozibwa kwa lehemu ya risasi huwatia sumu samaki waliomo. Maabara moja ya serikali ilipima, ikasema kwamba jodari wa mkebe alikuwa na risasi karibu mara mbili tu ya jodari mbichi. Jambo likaonekana dogo. Mwaka 1980 Dorothy Settle na Patterson walichapisha vipimo vyao wenyewe vilivyofanywa katika chumba safi, wakaonyesha kwamba tofauti ile ilikuwa ya maelfu ya mara. Maabara ile haikusema uongo kwa makusudi. Risasi iliyokuwa katika vyombo vyake na hewa yake ilimwingia yule samaki mbichi wakati wa kupimwa, akafanana na mwenzake wa mkebe. Lila na fila havitangamani, lakini katika chumba kichafu huonekana kama ndugu.

Hatimaye ukweli ulishinda, ingawa kwa mwendo wa kobe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli, na tangu mwanzo wa mwaka 1996 ilikatazwa kabisa katika magari ya barabarani. Kati ya vipimo vilivyofanywa miaka ya 1976 hadi 1980 na vile vya 1988 hadi 1991, wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 hadi 2.8 kwa kila desilita. Patterson alifariki mwezi Desemba mwaka 1995, majuma machache kabla ya katazo hilo kuanza.

Wala usidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeiacha. Kazi ya kuzishawishi nchi nyingine za ulimwengu iliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Shirika hilo ndilo lililotangaza mwezi Agosti mwaka 2021 kwamba Algeria, nchi ya mwisho, imeacha kuiuza. Lakini risasi yenyewe haijatoweka. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu hiyo mpaka kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fikiri, msomaji, kesi ya namna hiyo hutegemea nini. Hutegemea vipimo vya damu na udongo. Kidole cha mtoto kisipooshwa vizuri kabla ya kuchomwa sindano, vumbi la ngozi huingia katika tone la damu, na mtu wa upande wa pili atasimama mahakamani aseme kwamba kipimo hakifai. Naye atakuwa na haki ya kusema. Mnyonge aliyetiwa sumu huhitaji kipimo safi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hana silaha nyingine.

Mambo aliyoyafanya Patterson kwa kufuata dhamiri yake, siku hizi yameandikwa kuwa sheria za kazi. Kiko kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 17025, kilichotolewa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2017, ambacho maabara hupimwa kwacho kabla ya kuaminiwa. Kiwango hicho chataka mahali pa kazi na hali zake, kama vumbi, joto, unyevu na mtikisiko, zisiharibu matokeo. Chataka hali hizo zichunguzwe na kuandikwa. Na chataka kazi zisizopatana zitengwe, ili uchafu wa moja usiingie katika nyingine. Yasomwapo upesi, maneno hayo huonekana makavu kama orodha ya vyombo vya stoo. Lakini wewe sasa unajua yaliyomo ndani yake.

Basi, utakapoingia katika maabara ya shule yako, huenda usikute vichujio vya hewa wala mavazi maalumu. Haidhuru. Hata hivyo waweza kufunga dirisha upepo uvumapo, kusuuza bomba la kioo kwa maji yaliyotoneshwa, kuandika joto la chumba pembeni mwa ukurasa, na kufanya kipimo cha chombo kitupu kabla ya kile chenye kitu. Na jibu likija tofauti na ulivyotazamia, usilifute upesi, wala usiazime la jirani yako. Kwanza utazame chumba. Patterson alianza kwa kupima uchafu wa chumba chake mwenyewe, na katika uchafu huo akaiona sumu iliyokuwa ikivutwa na mamilioni ya watu, nao wakiiita hewa.